Mgeni Rasmi Mwenye Namba ya Mtihani

Aibu hii nimeikalia kimya muda mrefu, lakini kwa kuwa nusu ya Babati wanaisimulia vibaya na kuongeza mambo ambayo hayakutokea (eti nilitolewa na pingu, hakuna pingu iliyoonekana pale), naona bora niitoe mwenyewe, mcheke kitu cha kweli.

Kwanza mnijue. Nina duka la vifaa vya ujenzi upande wa Maisaka, saruji, misumari, mabati, na ninasimamia mafundi wanaowajengea watu nyumba, kwa hiyo mji mzima unaniita Injinia. Sijawahi kumwomba mtu aniite hivyo, ila sijawahi pia kumkataza. Ukweli ni kwamba kidato cha nne nilipata divisheni foo ya pointi thelathini na mbili, D tatu za kuokoteza na F zilizobaki, ya hesabu ikiwa ndiyo imenona kuliko zote. Sasa ukitaka chuo, hata ngazi ya cheti cha ujenzi, wanakuambia leta D nne na hesabu iwemo. Nimejenga miaka kumi na tano na hakuna nyumba yangu iliyoanguka, lakini chuo hakiulizi nyumba, kinauliza D. Basi nikajisajili kurudia hesabu kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kituo nikaangukia shule ileile anayosoma binti yangu Glory, naye akiwa kidato cha nne mwaka huohuo. Sikumwambia mtu. Hata mke wangu aliamini kwamba nikijifungia stoo ninapanga misumari.

Kwa Glory ndiko nilikoharibu zaidi. Huyo nilishamwambia tangu yuko shule ya msingi kwamba baba yake alipata divisheni wani ya pointi kumi na mbili, na kwamba cheti kililiwa na mchwa (mchwa wa nyumba yangu wamesingiziwa mengi). Ilipokuja fomu ya kuchagua tahasusi za kidato cha tano, mtoto akajaza kwa penseli HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, kwa sababu anataka kusomea sheria, na kweli ukibishana naye unatoka umeloa jasho. Mimi nikachukua kifutio mbele ya macho yake, nikafuta, nikaandika PCM, fizikia, kemia na hesabu, nikasema mtoto wa Injinia hawezi kwenda kusomea vita vya Majimaji. Akaniambia fizikia anaipata kwa tabu sana. Nikamjibu kwamba mwenye pointi zake kumi na mbili ameshaamua, nikasaini.

Yakaja mahafali. Mnajua huku kwetu mhitimu anavishwa taji na kukatiwa keki kabla hajafanya mtihani wenyewe, ili hata akifeli awe ameshakula. Siku moja kabla, mgeni rasmi aliyealikwa akatoa udhuru, na Madam Mkuu, yaani mkuu wa shule, akakumbuka kwamba niliwahi kutoa saruji ya vyoo, akanipigia simu akiniomba nimshikie ile nafasi. Hapo ndipo ningesema nina msiba Mutuka, au meno yananiuma, kitu chochote. Lakini nikajiona meza kuu, mbele yangu maji ya chupa, Mama Glory na kitenge kipya, Glory akinitazama kutoka kwenye viti vya wahitimu, nikasema sawa Madam, kwa ajili ya watoto.

Ningesoma tu ile hotuba fupi aliyoniandikia mwalimu wa taaluma, tungemaliza salama. Maiki ilipokaa mkononi nikaona karatasi inanibana. Nikasimulia divisheni wani yangu, safari hii ikashuka ikawa ya pointi kumi, halafu nikageukia wazazi nikasema: "Mtu anayepata divisheni foo siyo kwamba hana akili. Ni kwamba kwao hakuna aliyemfundisha aibu." Watu wakapiga makofi, wengine wakayapiga taratibu sana, na mstari wa tatu kulikuwa na mama mmoja muuza vitenge wa sokoni, Mama Rehema, ambaye hakupiga kabisa. Nilimwona, nikadhani hajasikia vizuri.

Wiki chache baadaye ikafika siku ya hesabu. Mpango wangu ulikuwa mzuri, nivae kofia na koti la zamani, niingie wa mwisho kwenye chumba cha watahiniwa wa kujitegemea kilicho mwisho wa korido, nifanye, nitoke. Nikafika getini saa moja na nusu, na Madam Mkuu alikuwa amesimama na wanafunzi wote wa kidato cha nne wakimaliza kuomba. Akaniona. Uso wake ukajaa furaha, akawaambia wanafunzi tazameni moyo wa huyu mzazi, ameacha duka lake asubuhi hii aje kuwatia nguvu, shikamoo ikaja ya pamoja kama kwaya, na mimi marahaba ikanitoka kabla sijafikiri. Akaniomba niseme maneno mawili.

Ndugu zangu, nilisema kwa dakika kumi na mbili. Nilijua kabisa mtihani wangu unaanza saa mbili, niko na namba yangu mfukoni, na bado nikawa ninawaeleza watoto umuhimu wa kutunza muda. Glory alikuwa mstari wa mbele ameshika rula yake, ananitikisia kichwa kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo iliyokuwa inaniongezea maneno.

Nilipomaliza, Madam akanisindikiza mwenyewe hadi getini, akaniitia bodaboda, akasimama pale akinipungia mkono. Ningefanya nini? Nikapanda. Tukakata kona, nikamwambia kijana simama, akauliza safari imeisha, nikamwambia imeisha, akanitazama sana. Nikazunguka nyuma ya shule kwenye ua wa michongoma, mahali ambapo watoro hutokea, nikapitisha kichwa, nikapitisha bega, suruali ikabaki nusu upande wa pili, na ninapoinuka upande wa vyoo (vile vya saruji yangu) nikakutana na askari aliyeletwa kulinda mtihani.

Jamani, mtu mzima, kofia usoni, suruali imepasuka, anaingia kwa uani dakika kumi baada ya mtihani kuanza. Hata mimi ningejikamata. Akaniuliza majibu ninampelekea nani. Nikasema mimi ni mtahiniwa. Akacheka, akanishika ukosi, akanipitisha korido nzima kwenda kwa msimamizi mkuu, na madirisha ya madarasa yote yalikuwa wazi kwa sababu ya joto. Nikamwomba kwa sauti ya chini tupite nyuma. Akasema njia ni hii hii.

Msimamizi mkuu alikuwa mwalimu kijana aliyetoka shule nyingine, hanijui, wala hana habari na Injinia. Ikafika zamu ya kuthibitisha. Alichukua karatasi yangu ya usajili na kitambulisho, akasimama palepale nje ya chumba cha kina Glory, akasoma kwa sauti ya mtu anayefanya kazi yake vizuri: "Petro Sulle. Mtahiniwa wa kujitegemea. Anarudia somo moja, hesabu. Ni wewe?"

Nikasema ni mimi. Ndani ya kile chumba kalamu zilisimama. Sikugeuza shingo, lakini mtu hahitaji kugeuka kujua mtoto wake anamtazama. Na Madam Mkuu, ambaye alikuwa amefuata kelele, akaniangalia kuanzia kofia hadi goti lililokuwa wazi, akasema taratibu: "Injinia, kumbe na wewe ni wetu." Akawaomba waniruhusu, ile nusu saa ya kuwapokea wachelewaji ilikuwa haijaisha.

Nikaingia kwenye chumba chetu cha kujitegemea. Kiti kilichobaki kilikuwa jirani na Mama Rehema, naye kumbe alikuwa anarudia. Alipoona msimamizi ameenda kuniletea karatasi, akanisogezea neno moja bila kuinua kichwa: karibu tuliokosa aibu. Niliona aibu kuliko kule koridoni, maana huyu nilikuwa nimemtukana kwa maiki na alistahili kunirudishia. Katika hali hiyo nikafungua mtihani, na swali la kwanza sikulielewa hata baada ya kulisoma mara nne.

Glory alinisubiri nje. Tulitembea kwa miguu hadi karibu na nyumbani, akiwa amenifungia sweta lake kiunoni kuficha suruali. Kisha akauliza: "Baba, zile pointi kumi na mbili zilikuwa za nani?"

Nikamwambia zilikuwa za kijana mmoja niliyekaa naye dawati moja.

"Na PCM?"

"Ya kwake pia," nikasema.

Hakulia wala hakunisema vibaya. Aliitikia tu, akaendelea kutembea, na mimi iliniuma kuliko kama angenitukana, kwa sababu nilielewa wakati huohuo na yeye kwamba nilikuwa ninamlazimisha mtoto wangu aende kuishi maisha ya jirani yangu wa dawati.

Matokeo yalipotoka, mimi nilipata F, safari hii ya uzeeni. Mama Rehema alipata C, na nilikwenda sokoni kumwomba radhi, akanipokea, akanikalisha, halafu akawaita wenzake waje wamwone mgeni rasmi. Nimejisajili tena, wala sifichi, ila nimeapa sitashika maiki ya mtu mpaka naingia kaburini, hata ya kutangaza mbuzi aliyepotea.

Glory alipata divisheni tuu. Fizikia yake D, historia A. Dirisha la mtandaoni la kubadilisha tahasusi lilipofunguliwa alikuja dukani na simu, akajaza mwenyewe hapo kaunta, HGL chaguo la kwanza, kisha akanigeuzia kioo nisome na kuniuliza kama nina la kusema.

Nilikuwa nayo mengi, Mungu ananiona. Nikamwambia, bonyeza, mama.