Nilijifanya Mgonjwa Ili Mwanangu Ashuke Melini

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana Mpanda ni ndogo na hapa Makanyagio wengi wanafuatilia ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mjane. Nilisoma hadi kidato cha nne, na nina duka dogo la vifaa vya shule. Nina mtoto mmoja tu, nitamwita Eliya. Ni baharia kwenye meli ya mizigo. Tangu aondoke kwa mkataba wa kwanza naandika kila kitu kwenye daftari, kwa tarehe: bandari aliyofika, siku aliyopiga simu, tumeongea dakika ngapi. Kwa hiyo ninachowaeleza sikibahatishi.

Wakiwa baharini wanafunguliwa intaneti Jumapili tu, kila mtu na dakika zake. Mwanzoni Eliya alikuwa ananipa nusu saa nzima. Nikitoka kanisani nakaa na simu mkononi, hata chai sinywi. Mwaka huu daftari linasema kumi, nane, sita. Jumapili moja nikamuuliza, "Mwanangu, dakika zako zinaishia wapi?" Akacheka. "Si nampigia na Mama Salha, mama. Naye ana wasiwasi."

Mama Salha ni mama wa Kigamboni aliyempangisha chumba alipokuwa anasomea ubaharia Dar. Mpaka leo anamtunzia sanduku na vyeti vyake. Nilimshukuru, na vifurushi vya Eliya nikawa navituma kwake kwa basi: asali, karanga za kaka yangu wa Kasekese, uyoga niliokausha mwenyewe. Meli ikitia nanga Dar, Eliya anaenda kuvichukua. Siku moja ananiambia, "Mama, ule uyoga Mama Salha kaupika kwa nazi, acha kabisa!" Uyoga wetu, wa kupika na karanga, umetiwa nazi, na mwanangu anausifia! Siku ile niliandika maneno mawili tu: uyoga, nazi.

Kinachoniumiza zaidi ni neno moja la Mama Salha. Ananipigia, "Dada yangu, mwanetu kafika salama." Mwanetu na nani? Uchungu wa kumzaa niliupata peke yangu, yeye hakuwepo.

Mwezi uliopita Eliya akasema meli itakaa Dar siku tatu. Kwa umbali wa Mpanda hawezi kuja na kurudi. "Njoo wewe, mama. Utafikia kwa Mama Salha, ameshakuandalia kitanda." Yaani nimwone mwanangu nikiwa mgeni kwa mwanamke mwingine, na yeye ndiye atupakulie? Nikapunguza sauti, nikasema, "Siwezi kusafiri, baba. Presha imepanda, miguu haina nguvu."

Ulikuwa uongo. Sina presha. Nilitaka ashuke aje kwangu, tuwe wawili tu.

Akaomba ruhusa ya dharura, akashuka. Jumamosi mchana nikasikia hodi, nikajilaza haraka na kujifunika kanga. Akaingia Eliya, na nyuma yake mwanamke mnene mwenye mtandio, kabeba chupa ya uji. "Pole, dada yangu. Nikasema siwezi kumwacha mwanetu aje kuuguza peke yake."

Hospitali walinipima, wakasema presha iko sawa, nipumzike. Nikang'ang'ania miguu. Basi nimelala kwenye nyumba yangu mwenyewe huku yule mama anatawala jiko langu. Ananilisha kwa kijiko. Jirani akaja kunipa pole, akaonja uji, akasema, "Huyu mgeni wenu tunamfungia hapa hapa, harudi Dar!" Wakacheka wote, na Eliya akacheka kuliko wote.

Jana, Jumanne, Eliya alitoka kwenda mjini, Mama Salha akaenda sokoni. Kupitia dirishani nikaona amelowesha nguo za Eliya kwenye beseni uani. Nguo za mwanangu! Nikaamka, nikafua zote kwa hasira. Nilikuwa nimeinama nakamua jinzi niliposikia mtu kasimama nyuma yangu.

Hakupiga kelele. Aliweka kikapu chini, akashika upande wa pili wa ile jinzi, tukaikamua pamoja. Halafu akasema taratibu, "Dada, mwenye miguu mibovu hakamui hivi."

Nikaichukua ile jinzi, nikaianika kambani.

"Mimi sitamwambia. Lakini meli imeshatoka Dar, na ofisi yao inamsubiri mpaka Ijumaa imsafirishe akaikute bandari ya mbele, baada ya hapo nafasi yake wanampa mtu mwingine. Mwenyewe hataki kuondoka, anasema mama kwanza. Mwambie wewe."

Pikipiki ikaingia. Kabla sijafungua mdomo akanishika mkono, akanikokota mpaka kitandani, akamwambia Eliya, "Leo mama yako kajikongoja mpaka uani. Ana nafuu." Mwanangu alipiga magoti pale pale, akamshukuru Mungu. Kisha akamshukuru yeye.

Leo ni Jumatano. Eliya bado anasema haondoki mpaka anione natembea hadi dukani na kurudi. Nikisema ukweli, atapanda meli akijua mama yake ni mwongo, na siku nikiugua kweli sijui kama atashuka tena. Nikiinuka tu kesho asubuhi kana kwamba nimepona, ataondoka akiamini Mama Salha ndiye aliyenitibu, na zile dakika sita nazo nitazisahau. Nikiendelea kulala, anakosa kazi aliyoihangaikia miaka yote. Na kwa yote hayo, siri yangu iko mkononi mwa mtu ninayemwonea wivu kuliko wote duniani, na anaitunza vizuri.

Ndugu zangu, hasa nyie wamama wenye watoto walio mbali, nishaurini bila kunitukana, maana muda wenyewe ni mpaka Ijumaa. Niseme, au niinuke tu nitembee?