Vitu Vyenye Ganda

Mwaka wa 1970, nikiwa na umri wa miaka kumi na mmoja, baba alikufa na shule yangu ikafa siku hiyo hiyo. Darasa la kwanza nilisoma, la pili nilisoma, la tatu niliona mlango wake tu. Sisemi ili nihurumiwe. Nasema ili anayesoma hapa asitafute maneno ya watu wa ofisini, hayapo.

Tulikaa Goma, upande wa Kongo. Kazi iliyokuwepo kwa mtoto asiye na baba ilikuwa chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao isiyo na pedali, inayoshusha magunia ya viazi na kabichi kutoka milimani hadi sokoni. Chukudu yenye mzigo haitaki mtu mmoja. Mmoja anashika usukani, mwingine anasukuma nyuma penye kupanda, na penye kushuka anavuta ili isiwaue wote wawili. Mimi nilishika usukani. Wa nyuma alikuwa mtoto wa jirani, yatima kama mimi, mweusi, mfupi, mwenye nguvu kunizidi. Aliniita Shoferi. Nilimwita Kovwayeri, kama wanavyomwita kijana wa kupakia mizigo kwenye lori. Mpaka leo hatujaitana vingine.

Tulikula sahani moja. Na tulikuwa na mchezo wetu. Kwa desturi ya Kinyarwanda, anayempa mtu kinywaji anakionja yeye kwanza mbele ya macho yake, ili mgeni ajue hakuna sumu. Mama yangu alifanya hivyo hata kwa padri. Sisi tukaigeuza mzaha. Aliyenunua mutobe, yaani maji ya ndizi, alipiga funda moja, akashika koo, akatoa macho kama mbuzi anayechinjwa, halafu akasema, "Sijafa." Ndipo mwenzake alipopokea na kunywa. Tulicheka hivyo miaka mingi, hata baada ya kuota ndevu, hata kwenye bia ya harusi yangu.

Baadaye mimi nilivuka kurudi Rwanda, nchi ya wazazi wangu, nikakaa Gisenyi. Yeye alibaki Goma. Si mbali. Nikisimama juu ya ukuta wangu naona mabati ya kwao. Tulitembeleana, tukazikiana wake zetu. Kisha yakaja maneno ya miaka hii, mpaka wa nchi kufungwa, kisha kufunguliwa, watu wa huku kutazamwa vibaya kule na wa kule huku, na tukakaa muda mrefu bila kuonana. Moto wa mlima wa volkano ulikuwa umekula nyumba yake. Alikuwa anaishi nyuma ya nyumba ya mwanawe, chumba kimoja, pamoja na mahindi ya kuku.

Mimi nina chumba ambacho hakina mtu. Nilinunua godoro, nikaweka shuka mpya, nikapaka rangi. Nikampigia simu nikamwambia aje siku mbili tutembee kama watalii, tule kwenye meza za watu wakubwa, tuone mji. Sikumwambia habari ya chumba. Nilitaka aone kwanza, ashibe, na siku ya pili nimwambie: baki. Wazee wawili wasio na wake wanaweza kuzeeka pamoja kuliko kila mtu kuzeeka na ukuta wake. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu yote.

Alivuka asubuhi, na begi dogo na koti la mwanawe lililomzidi mabega.

"Shoferi, umenenepa."

"Wewe umekauka. Hawakupi chakula kule?"

"Wananipa. Meno ndiyo haiko."

Tulianzia ufukweni. Nilimtembeza chini ya miti ya barabara ya ziwa, nikamwonyesha hoteli ambazo zamani, tulipovusha mizigo mpakani, tulizipita na chukudu tukifukuzwa na mlinzi. Nikachagua hoteli ile ile, nikaingia kwa kifua. Nikaagiza samaki mzima wa kuchoma, ndizi, pilipili. Samaki alipokuja, alijaa sahani kubwa, mmoja kwa watu wawili, kama zamani. Niliosha mikono nikaanza. Yeye aliosha mikono, akaikausha, akaiweka magotini.

"Kula."

"Mi sikuli sana siku hizi. Tumbo iko inanisumbua."

Akaagiza soda. Msichana alipoileta, alimwomba aifungulie pale mezani. Akanywa taratibu, akisifu ziwa. Nilimla samaki yule peke yangu, na sikuhisi vibaya. Nilidhani ni aibu. Mtu aliyezoea kula kwenye mahindi ya kuku, meza ya kitambaa inamtisha. Njiani alinunua mkungu mdogo wa ndizi mbivu kwa mama wa barabarani, akala tatu, akimenya mwenyewe.

Mchana tukaenda Rubona kwa pikipiki mbili. Pale kuna bandari ya wavuvi na kiwanda cha bia, na pembeni maji ya moto yanatoka ardhini, watu wanakaa ndani kuponya miguu. Tulikunja suruali, tukaingiza miguu. Miguu yake ilikuwa na makovu ya chukudu, yangu pia. Wanawake wanauza mayai, unachemshiwa pale pale kwenye maji ya mlima.

"Angalia," akasema. "Huku mulima inachemusha mayai. Kwetu ilichemusha nyumba yangu."

Nilicheka mpaka nikashika jiwe. Alikula mayai manne. Alitia chumvi kutoka kwenye karatasi aliyokuja nayo mfukoni. Akanieleza habari za kabichi, bei, wajukuu, jinsi mwanawe anavyokoroma. Saa ile nilikuwa na rafiki yangu. Nilisema moyoni, kesho atakubali.

Mama wa mayai alikuwa na binti anayekaanga sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu, kwenye sufuria pembeni. Akamletea Kovwayeri sahani kama zawadi, kwa kuwa tulinunua mayai mengi. Akakataa kwa adabu, mkono kifuani.

"Yewe, muzee," yule mama akaniambia, "rafiki yako anakula vitu vyenye koti tu. Ndizi, koti. Yai, koti. Nimutafutie karanga?"

"Ni mutu wa heshima," nikasema. "Hali vitu viko uchi."

Wote walicheka. Yeye alicheka kidogo, akatazama maji. Mimi nikaacha kucheka kabla yao. Nilikuwa nimeona. Soda yenye kizibo. Ndizi yenye ganda. Yai lenye ganda. Chumvi ya mfukoni. Mimi sikusoma, lakini kuunganisha gunia na gunia najua.

Nikasema nihakikishe. Tukaenda kukaa kwenye kibanda cha mishikaki juu ya bandari. Niliagiza bia mbili. Msichana alizileta zimekwisha kufunguliwa, kosa la haraka, hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ya kwangu nikainywa. Ya kwake ilibaki pale, inatoka jasho. Mishikaki ilikuja, yake ikapoa kwenye kijiti.

Nilichukua bia yake. Nikapiga funda, nikashika koo langu, nikatoa macho kama mbuzi.

"Sijafa," nikasema.

Hakucheka. Alikuwa anatazama koo langu. Alitazama kama mtu anayesubiri maji yachemke, na alisubiri muda mrefu. Nikamrudishia chupa. Akaishika, akaizungusha mkononi, akaiweka chini.

"Bon," akasema. "Turudi. Baridi inakuja."

Nyumbani nilimwonyesha chumba. Alibonyeza godoro, akagusa ukuta, akasema rangi ni nzuri. Mke wa mwanangu alimletea chai ya maziwa. Asubuhi niliikuta dirishani, imeshika utando. Kwenye begi lake lililokuwa wazi niliona chupa ya maji aliyotoka nayo Goma, imebaki robo, na mkate wa kwao umefungwa kwenye mfuko.

Sina tabia ya kuzungusha maneno. Tulipotembea tena kando ya ziwa siku ile ya pili, tukakaa kwenye ukuta wa mawe usio mbali na mpaka, nikamuuliza.

"Kovwayeri, unaniogopa?"

Watoto walikuwa wanaruka majini mbele yetu.

"Siyo we," akasema.

"Nani basi? Samaki?"

"Watoto waliniapisha. Mwanangu na bibi yake, mbele ya Biblia. Kwamba nikivuka nisikule kitu ya mukono ya mutu. Wanasema huku munatuwekea sumu. Kuna mutu wa mutaa wetu alitoka huku, akavimba tumbo, akakufa."

"Watu wanakufa kwa tumbo tangu Adamu."

"Mi najua."

"Na huku wanasema hivyo hivyo juu yenu. Kwamba mnaroga."

"Mi najua, Shoferi. Sikuwaamini. Nilitoka kwangu nikisema, nikifika nitakula naye sahani moja, waende na Biblia yao." Akanyoosha mkono wake wa kulia, akautazama kama si wake. "Ile samaki nilikuwa na njaa yake. Mukono ikakataa. Jana ukaonja pombe, nikasema sasa basi, ameonja. Mukono ikakataa tena. Nikafikiri, pengine amekunywa dawa ya kuzuia sumu mbele ya kuonja."

"Ulifikiri hivyo juu yangu."

"Ndiyo."

Hakuomba msamaha na mimi sikumwomba aombe. Ningefanya nini, nimpige? Tumezeeka. Nilimwambia habari ya chumba hata hivyo, kwa kuwa nilikuwa nimeibeba muda mrefu na mzigo lazima ushushwe mahali.

"Kile chumba nilikipaka kwa ajili yako. Nilitaka ubaki."

"Nilijua. Shuka ilikuwa mupya." Akafuta pua na mkono wa koti. "Donc nibaki, nikule nini? Mayai mpaka kufa?"

Hapo ndipo tulipocheka tena, wote wawili, na kicheko kile kilikuwa kibaya kuliko kimya. Kisha akasema, "Weka mupangaji. Chumba ni kizuri."

Nilimsindikiza mpakani kabla ya mchana. Foleni ya wanawake wenye vyombo vya maziwa na nyanya kichwani ilikuwa inasogea. Alipofika karibu na askari, akarudi hatua chache, akafungua begi, akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Jibini ya Masisi, gurudumu zima, yenye ganda la njano. Zamani tulipopeleka mzigo mkubwa tulijigawia kipande cha jibini ile, tukikata kwa waya wa kufungia magunia.

"Nilikuletea tangu jana," akasema. "Nikaona haya kukupa, na mimi sikuli yako."

"Lete."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Alisubiri kidogo. Nilijua anasubiri nini. Hakuwa na kisu, wala mimi, na foleni ilikuwa inamsukuma. Kwa desturi angeonja yeye kwanza. Akainua bega moja, akaenda. Koti lile lilimfanya aonekane mtoto kwa nyuma.

Nyumbani nilikaa mezani na jibini ile. Nikachukua kisu, nikakiosha, nikakikausha. Mke wa mwanangu alisimama mlangoni, amembeba mtoto.

"Baba, hiyo imetoka kule?"

"Imetoka kwa rafiki yangu."

"Usiile, Baba. Nakuomba."

Nikamwambia aondoke na ujinga wake. Nilimwambia huyu mtu alikula nami sahani moja kabla mama yake yeye, mkwe wangu, hajazaliwa. Aliondoka. Nikaweka kisu juu ya ganda. Nikafikiria mwanawe, yule wa Biblia, ambaye simjui moyo wake. Nikafikiria nani aliifunga kwenye lile gazeti. Nikasema nitakata kesho. Niliiweka kabatini, na kesho yake nikasema vivyo hivyo, na sasa sisemi tena. Ganda lile halikunisaidia kitu. Naye mayai yake hayakumsaidia.

Alipiga simu Jumapili moja. Akauliza habari za nyumbani, nikajibu njema. Akauliza kama jibini ilikuwa nzuri. Nikasema ilikuwa nzuri sana. Akasema, "Bon." Hajapiga tena. Mimi pia sijapiga. Mpaka uko wazi, watu wanavuka kila siku.

Wanangu husema nimefanikiwa, na mtu aliyeanza na chukudu ya kuazima hawezi kukana. Ninayo nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitano, Gisenyi. Ninalo duka la viazi na maharage katika soko la Mahoko. Ninalo shamba Nyakiriba, la viazi, na ng'ombe wawili, mmoja anakamuliwa. Ninayo pikipiki moja anayoendesha mtu kwa mkataba. Kabati la mvule. Ndani ya kabati, sahani kumi na mbili za udongo, nguo za marehemu mke wangu, jibini moja ambayo haijakatwa. Chumba kimoja kilichopakwa rangi, kina godoro na shuka. Mpangaji sijaweka.