Bastola Iliyopasuliwa kwa Msumeno

Juzi nilimwona mtu mzima akikaa sakafuni dukani, hapa mtaa wa Huanshi Zhonglu, na bado sijapona mshtuko. Ni mfanyabiashara wa Mombasa anayekusanya bastola kuukuu za mfukoni, zile halisi za kulipuliwa kwa fataki. Aliyoipenda kuliko zote ilienea kiganjani, ina nakshi za maua hadi kwenye kitako. Hiyo ndiyo aliyomwachia laoban, Mchina mwenye duka, iwe sampuli ya kutengenezea viberiti vya gesi vyenye umbo lake.

Viberiti vikaja, maua yote yamo. Jamaa akachekelea, kisha akanyoosha mkono.

“Na yangu?”

Laoban akaweka mfuko wa plastiki kwenye kaunta. Mtutu umepasuliwa kwa msumeno, kitako vipande viwili.

“Lazima tuone ndani.”

“Bosi, hii ilimzidi umri babu yangu!” Akaketi chini.

Na huyu huyu hupeleka jinzi za sampuli kwenye viwanda vya Xintang kila safari, anajua sampuli hufumuliwa mshono kwa mshono. Alidhani chuma kitaonewa huruma?

Laoban alichuchumaa, akawasha kiberiti kimoja mbele ya pua ya jamaa.

“Usilie, rafiki. Yako ilikuwa mbovu. Hivi vyote vinawaka.”