Mtandio Ulioganda Kichwani

Mimi si msemaji. Nikisimama mbele yenu sauti itanitoroka, kwa hivyo nimeandika.

Kabla ya korona, kila likizo nililala kitanda kimoja na Bibi yangu, hapa kijijini Munje. Jioni nilimkanda miguu, naye akinicheka: "Wewe mumeo itabidi aongee na kuku."

Shule zilipofungwa nilirudi kutoka bwenini nikikohoa. Siku ya tano Bibi akakohoa pia. Alifia hospitalini. Walimzika watu waliovaa mavazi meupe ya plastiki, sisi tukitazama kwa mbali. Hata kumwosha hatukumwosha.

Hakuna aliyenishtaki. Nilijishtaki mwenyewe. Nikaanza kunyofoa nywele, moja moja, kisha kwa mafungu, hadi utosi ukatoka majimaji na kunuka. Chakula kilinishinda. Hedhi ikakatika. Nilitamani kulala nisiamke. Mtandio sikuuvua hata ndani ya nyumba.

Baba alikuwa mpishi wa hoteli Diani, ameachishwa kazi. Alisema, "Umejifungia kama mwari. Acha kiburi." Mama alisema, "Usilie, muombee Bibi yako."

Idd ilipokaribia, Mama alikuja na chanuo na mafuta ya nazi anisuke. Nilikataa. Akauvuta mtandio. Ulikuwa umegandia vidonda.

"Nani kakufanya hivi?"

"Mimi. Nilimuua Bibi."

Aliuacha wali uungue jikoni, akakaa kando yangu. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa nakohoa kabla hujarudi. Na nilimlisha kwa mkono huu. Niliogopa tutatengwa, nikanyamaza. Nikakuacha ubebe peke yako."

Baba alikuwa mlangoni. Kesho yake alitupeleka hospitali.

Daktari alisema, "Huu ni ugonjwa, si kiburi. Na nani alimwambukiza nani, hamtajua kamwe." Nilirudi kwake wiki baada ya wiki, nikajifunza kusema. Nyumbani Baba ndiye aliyenipaka dawa kila asubuhi, akinipulizia vidonda kama anayepoza uji.

Idd ile sikusukwa. Nywele zimeota sasa, ila utosini pamebaki kipara, na siku nyingine kidole hupanda chenyewe. Mama akikiona, hukishika tu.

Alhamdulillahi, nawashukuru Mama, Baba na daktari. Nanyi wazazi, mtoto akinyamaza msiseme ametulia. Kaeni naye karibu, mshikeni kichwa, muulizeni. Msingoje Idd.