Walisameheana Kabla ya Kuandikishwa

Jumatatu nilipanga foleni kwenye ofisi ya kuandikisha ndoa, hapa Bukavu. Mbele yangu walisimama mwalimu aliyevaa tai na mchumba wake, mkulima kutoka Bunyakiri. Karani alipojua kwamba mwanamke hawezi kutia sahihi, alicheka.

“Mwalimu, mutu kama wewe unaoa mwanamuke mwenye hajue kusoma?”

Mwalimu aliinamisha macho. Mwanamke alimkazia karani macho.

“Na yeye hajue kulima, papa. Tulishaambiana yote, tukasameheana. Leta wino.”

Alikandamiza kidole gumba kitabuni mpaka meza ikalia. Mwalimu akainua kichwa, akaushika mkono ule wenye wino mbele yetu sote.

Anayengoja mwenzi asiye na kasoro, na angoje. Ila ajifunze kujipikia.