Petroli ya Kuoshea

Andika kama nisemavyo, mjukuu wangu, wala usinipambie. Sikuwahi kuketi darasani, lakini hapa Gatwekera hakuna jenereta iliyopata kunishinda.

Juzi niliitwa Kawangware, kwenye gari kubwa la kuishi ndani, lililogeuzwa kliniki. Jenereta yake ilikuwa ikiwaka na kuzima, na friji ilikuwa imejaa chanjo za watoto. Akina mama walisubiri foleni. Nilisikiliza mara moja nikajua kwamba mafuta hayafiki.

"Mzee, nikusaidie?" aliuliza dereva, binti mmoja.

"Simama kando. Hii si kazi ya kukisia."

Nilikuta chujio limeziba, nikaweka jipya. Jenereta ikanguruma, akina mama wakanipigia makofi. Lakini mimi sifanyi kazi nusu. Niliizima, nikaiosha kabureta kwa ndoo nzima ya petroli, kisha kwa ndoo ya pili. Nilipoiwasha, ikakohoa ikafa.

"Mafuta yenu ni machafu!" nilimkaripia dereva.

Aliitazama ndoo. "Kwani mzee, hiyo petroli ya kuoshea umeitoa wapi?"

"Kwenye tangi la gari."

"Si jenereta inanyonya humo humo! Na mpira wake wa kunyonyea haufiki chini ya tangi, ndio tubaki na mafuta ya kurudi nyumbani. Mzee, ulikuwa umeshaitengeneza, halafu ukaikausha mafuta."

Alimimina jerikeni moja tangini, jenereta ikawaka, chanjo zikapona. Foleni nzima ilinicheka. Cheko lao liandike, lakini mahali aliposema nilikuwa nimeshaitengeneza, paandike kwa herufi kubwa.