Kuku Niliyempokea

Mimi ni shefu, yaani msimamizi, wa karakana ya sabuni hapa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika, na kabla sijasema lolote kuhusu mwenzangu, heri nijiseme mwenyewe. Nina hasira za karibu. Napenda kazi iende, na mtu akiniuliza jambo moja mara mbili, damu inanichemka. Kwa hiyo siku patroni, mwenye karakana, aliponiambia kuna shirika linaomba tumpe kazi mwanamke ambaye akili yake ilichelewa tangu utotoni, nilimjibu kwamba hapa tunapika sabuni, hatulei watu.

Alikuja hivyo hivyo. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mnene kidogo, kitambaa cha kichwani kimekazwa na mama yake, na mtaa mzima ulimwita mutoto. Alifuatana na mama mmoja wa shirika, ambaye kazi yake ni kuwatafutia watu kama yeye ajira na kukaa nao mpaka waizoee. Mama huyo alikaa kwetu wiki tatu, na wiki zote tatu aliniudhi. Alitaka nimweleze kazi yangu kipande kwa kipande, kazi ambayo mikono yangu inaifanya bila kuniuliza. Mwishowe alichora picha kwenye katoni, akazibandika ukutani zikifuatana: glavu, ndoo ya maji, soda inamwagwa ndani ya maji, mti wa kukorogea, mafuta ya mawese.

Soda yenyewe ni ile kali ya sabuni, inayokula ngozi. Maji ndiyo yanatangulia ndooni, soda inafuata kidogo kidogo. Ukigeuza ukamwaga maji juu ya soda kavu, inachemka papo hapo na kuruka. Hilo nilimfundisha mimi, kwa mdomo wangu, asubuhi baada ya asubuhi, hadi likawa jambo la kwanza analosema akiingia mlangoni. Haanzi kwa salamu, anasema "mayi kwanza", yaani maji kwanza, kisha ndiyo anatusalimia.

Chini ya picha kulikuwa na karatasi yenye sahihi tatu: ya patroni, yangu, na ya mama wa shirika. Ilisema kazi ya mwenzangu isibadilishwe bila yeye kuambiwa. Asipigiwe kelele. Na kosa likitokea, asifukuzwe kabla watu hawajakaa chini wakamsikiliza yeye pia. Niliiweka sahihi yangu haraka haraka, maana mafuta yalikuwa jikoni.

Sitasema alikuwa malaika. Alikula muhogo wa wenzake bila kuomba. Mvua ikianza kupiga mabati, alijikunyata chini ya meza na hakuna aliyeweza kumtoa. Ukihamisha ndoo kutoka mahali pake, alinuna mpaka mchana. Lakini kuchanganya soda kukawa kazi yake, na katika kazi hiyo hakuna aliyemfikia. Mimi mwenyewe nimewahi kukoroga bila glavu. Yeye tulimlazimisha kuzivua wakati wa kula.

Siku mambo yalipoharibika, mfanyabiashara mmoja wa Ubwari alikuja kulalamika kwamba miche ya sabuni tuliyompa ilipasuka. Tulibishana, mtumbwi wake ukimsubiri, nami siachi ubishi njiani. Niliporudi ndani, mafuta yalikuwa yameanza kuganda. Soda nilikuwa nimeshaipima ndani ya ndoo kavu. Ilikuwa ni kuihamishia kidogo kidogo kwenye ndoo nyingine yenye maji, kazi ya dakika chache tu, lakini sikutaka kungoja. Nikachukua jagi la maji.

Mwenzangu alinishika mkono, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, kama alivyozoea. "Yaya, mayi kwanza."

"Acha."

"Yaya, hapana. Mayi kwanza." Alinikaza mkono kweli, na kidole cha mkono wake mwingine kilikuwa ukutani, kwenye picha.

"Nyamaza! Ni mi nilikufundisha, si we!"

Nikamwaga. Iliruka kama mafuta yaliyoingia maji, lakini mbaya zaidi. Mimi sikupata hata tone. Ilimpata mwenzetu wa tatu, mama Mrundi aliyehamia mjini kutoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda, ambaye alikuwa amenipa mgongo akikata miche. Ilimchoma shingoni na kwenye mkono mzima. Nilitupa jagi, nikamvuta hadi kwenye pipa nikaanza kumwagia maji. Yule aliyenionya aliokota jagi akawa anachota na kumwagia pamoja nami.

Patroni aliingia mbio na kumkuta yeye ameshika jagi.

"Nilisema! Nilisema huyu muntu hawezi kazi ya kuchoma! Toka! Enda kwenu!"

Hapo nilikuwa na mgonjwa mikononi, na mtu anaweza kunisamehe kwa kutojibu. Lakini tulifika kituo cha afya, mgonjwa akafungwa bandeji, patroni akanipa pole kwa kulemewa na mtu asiyejiweza, nami nikaitikia. Nilisema, "Asante, patroni." Nikijua. Niliogopa kuonekana mjinga kwa jambo ambalo ndilo ninalojulikana kwalo. Sina sababu nyingine, na nimeitafuta sana.

Kesho yake asubuhi mama mzazi wa yule aliyefukuzwa alikuja karakanani. Mwanamke mzee, anauza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni, magoti yanamuuma. Alipiga magoti hivyo hivyo kwenye sakafu yenye mafuta, akapiga makofi polepole kama mtu anayeomba msamaha kwa wakubwa, na mimi ni mdogo wake kwa miaka ishirini. Chini ya kwapa alikuwa na kuku jike mwekundu, miguu imefungwa kamba.

"Mama, mutusamehe. Mutoto anasema tu mayi, mayi. Anakubali mwenyewe ni yeye. Mumufikishie ule mama aliungua hii kuku."

Mzee wa watu! Binti yake alikuwa anamwambia kilichotokea, kwa maneno aliyokuwa nayo, na yeye akadhani anakiri kosa. Nilikuwa na nafasi ya kumwinua pale na kumwambia. Nilimwinua. Nikasema, "Basi, mama, imekwisha." Nikampokea kuku.

Jioni nilimpeleka kwa mwenzetu aliyeungua. Alikuwa amekaa mkekani, shingo haigeuki. Nilimweleza kuku ametoka wapi. Alimtazama kuku, kisha akanitazama mimi.

"Nilikuwa nimekupa mugongo," alisema. "Macho haikuona. Lakini nilisikia muntu anasema mayi kwanza, mara mbili. Na sauti ya kumunyamazisha haikuwa ya patroni."

Akanisogezea kuku kwa mkono usioungua.

"Hii kuku mi siwezi kula. Rudisha kwenye ilitoka."

Nilipita mtaani na yule kuku kifuani, watu wakiniuliza kama kuna sherehe. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata utotoni. Nilifika kwa mama yule mzee, nikakataa kiti, nikasema yote nikiwa nimesimama mlangoni: ndoo kavu, jagi, mkono alionishika, kelele nilizompigia. Nilitegemea mama mzee anitukane, na nilikuwa tayari kutukanwa.

Badala yake alisema, "Na mi nilimupiga."

Akarudia, akitazama mikono yake. "Aliniambia mayi kwanza, nikamupiga. Akaniambia tena, nikamupiga tena."

Binti alikuwa nyuma yake, kwenye kona, akimenya mihogo. Aliinuka bila kunitazama usoni, akamchukua kuku mikononi mwangu, akamfungua kamba, akampapasa mbawa zote mbili kuhakikisha hazijavunjika. "Kuku ni yangu," alisema. Nilikuwa sijui. Alimlea mwenyewe tangu kifaranga, na ndicho kitu pekee katika nyumba ile kilichoitwa chake. Mama yake aliona kosa ni la binti, basi na kuku awe wa binti.

Nililia njiani, sifichi.

Asubuhi nilimwambia patroni mbele ya wote, nikampigia simu mama wa shirika aje. Patroni alinikasirikia zaidi kwa uwongo kuliko kwa soda, na alikuwa na haki, ingawa na yeye hakuisoma karatasi iliyokuwa inamtazama ukutani. Tulikaa, safari hii kama tulivyoahidi, pamoja na binti mwenyewe na mama yake. Mama wa shirika hakutupa nafasi ya kusema sana. Alimgeukia na kumuuliza kama anataka kurudi kazini.

"Nataka."

"Kuna kitu unataka ibadilike?"

Alifikiri. Tulimngoja, hata mimi nilimngoja bila kuuma meno. Nilidhani atataka nimwombe radhi, au niondolewe ushefu, na patroni angekubali.

Alininyooshea kidole. "Yaya asishike tena mayi."

Ikaandikwa mstari wa nne kwenye karatasi ile, kwa maneno yake hayo hayo. Nikatia sahihi, safari hii polepole. Mama wa shirika akachora picha nyingine kwenye katoni: mwanamke mwenye kilemba kama changu, mikono nyuma, amesimama mbali na ndoo.

Bado mimi ndiye shefu. Napima soda, nachemsha mafuta, nagombana na wateja wa Ubwari. Mwenzetu amepona, ila mkono una alama ambayo haitatoka. Asubuhi binti anaingia, anasema mayi kwanza, anavaa glavu. Kisha ananitazama, anangoja. Naweka mikono nyuma, ndipo anaanza kumwaga.